Niliyoyakuta Nilipokwenda Kuulizia Ukoo wa Babu Chiwaya

Tangu nirudi, sipiti bombani hapa kambini bila mtu kunishika mkono: "Mama Neema, ulifika? Ulibakuta?" Nikianza kueleza, ndoo inajaa, wa nyuma wanapiga kelele, na habari inakatika katikati. Wengine wamepata kichwa chake, wengine mkia, na tayari kuna anayesema nimepewa shamba. Sikupewa shamba. Basi nimefunika cherehani yangu, nimekaa chini, nawaandikia yote, ili tukikutana tena tuongee mambo mengine.

Dzaleka, kabla ya kutoka

Mnamjua Baba, Mzee Yakobo, yule anayeota jua mlangoni kwetu na kofia ya sufu. Amepita miaka themanini. Mwaka huu mvua zilipokwisha alianza kukataa chakula. Daktari alimpima akasema moyo uko sawa, damu iko sawa. Nikampikia sombe, majani ya muhogo kama ya kwetu, akageuza uso. Nikamtafutia ndagala, vile visamaki vya ziwani, kwa shida, akala mbili kwa kuniheshimu tu.

"Baba, unawaza nini?"

"Mi niko nawaza kama nitakufa bila kujua niko wa nani."

Habari hiyo tumekua nayo. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa askari wa Waingereza. Alitoka huku huku, wakati Malawi ikiitwa Nyasa, akiwa kijana asiye na ndevu. Kwanza walimchukua kubeba mizigo ya jeshi, baadaye wakamfanya askari. Walipigana na Wajerumani ndani ya Tanganyika, wakitembea kwa miguu miezi na miezi mpaka Mahenge. Huko akashikwa na kuhara damu. Kikosi chake kikaondoka, yeye akabaki katika hospitali ya Wabelgiji, ambao walikuwa upande mmoja na Waingereza. Wabelgiji waliporudi Kongo wakambeba pamoja na wagonjwa wao. Alipopata nguvu alijikuta Uvira, kando ya ziwa, hajui mtu. Wakamfanya mlinzi wa ghala la pamba. Akaoa, akazaa. Baba ndiye kitinda mimba wake, aliyezaliwa mzee akiwa na mvi tayari.

Kwao hakurudi. Aliogopa. Aliamini kuwa jeshi lake limemhesabu kama mtoro, na kwamba siku atakapokanyaga Nyasa watamfunga. Alikufa na hofu hiyo.

Kule Uvira kila mtu alijulikana kwa ukoo wake. Sisi tuliitwa bana ba Chiwaya, yaani watoto wa Chiwaya, kwa jina ambalo yule askari alikuja nalo. Wakati wa kugawa mashamba wazee walimwambia Baba: "We, kwenu ni wapi? Enda uulize askari wako." Vita ilipotufukuza na njia ikatuleta Malawi, Baba alipiga magoti mpakani. Tukafikiri kesho yake tutaanza kuulizia. Lakini kesho yake tulitafuta turubai, kesho kutwa unga, na miaka ikaenda hivyo.

"Nitaenda mi," nikamwambia.

"Utauliza nini?"

"Nyumba ya Chiwaya."

Akaomba maji ya kunawa mikono. Jioni ile alikula. Baada ya hapo ningerudije nyuma? Mambo ya ruhusa na karatasi nayaruka, mnayajua kuliko mimi.

Kuelekea Lilongwe, na msiba wa mtu nisiyemjua

Nilipanda gari la mizigo linalobeba watu nyuma, mimi na magunia ya nyanya na mchungaji mmoja wa Kirundi aliyekuwa na jogoo ndani ya mfuko. Kabla hatujafika mbali tukakutana na watu wengi barabarani wakielekea kwenye msiba. Dereva akapunguza mwendo, akavua kofia kama desturi ya hapa, halafu ghafla akapiga breki. Alikuwa amemwona shemeji yake katikati ya wale watu, analia.

Akatugeukia. "Samahanini. Kumbe ni mama mkwe wangu mdogo. Sikuwa na habari. Nishuke kidogo."

Hicho kidogo kilikula asubuhi yote. Jua likapanda. Mchungaji akasema tukikaa garini tutaonekana hatuna adabu, basi tukashuka, tukaingia uani kwa wafiwa. Wanaume walielekezwa upande wao, mimi nikaketi chini kati ya wanawake. Walipolia na mimi nikalia. Nilianza kwa adabu tu, lakini yakaja machozi ya kweli: ya mama yangu tuliyemwacha kaburini Fizi, kule Kongo, ya Baba na sahani yake. Mwanamke aliyekuwa kando yangu akanipa pembe ya chitenje chake nijifute.

"Alikuwa nani wako?" akauliza kwa Kichewa.

"Si wangu. Mi ni abiria."

Nilidhani atakasirika. Akasogea, akaniwekea bakuli la nsima, ugali wa hapa, na maharage. "Basi kula, abiria. Njia bado ni ndefu."

Tulifika mjini wakati wachuuzi wa Old Town wanaanza kufunika bidhaa zao.

Tsoka, na Chiwaya ya kwanza

Nilikuwa nimejipangia kwamba sokoni ndiko kuna watu wa kila kijiji, basi nianzie Tsoka. Nikamwendea mama mmoja wa mchicha, nikamwambia kwa Kichewa changu cha kambini: "Amayi, natafuta Chiwaya."

Hata hakuinua kichwa. "Hiyo hapo nyuma yako. Na nyingine iko pale kona."

Mbili! Nikageuka, nikaona mwanamume mwenye aproni mbele ya karai bapa la chuma lenye mafuta yanayochemka, anakaanga viazi.

"Bambo, wewe ndiye Chiwaya?"

"Hii ndiyo chiwaya," akasema, akigonga karai kwa kijiko. "Nikupe na kabichi au bila kabichi?"

"Hapana, mi natafuta familia."

"Ya familia? Sawa, nakujazia mfuko mkubwa."

Kabla sijapata neno la Kichewa la kumzuia, alikwisha kujaza mfuko, kabichi juu na chumvi nyingi, na watu nyuma yangu wanasukuma. Nikalipa. Nilitoka Tsoka nimekumbatia viazi vya kulisha kwaya nzima, na jina la ukoo wangu limegeuka chombo cha kukaangia.

Area 36, kwa Mama Solange

Wengi wenu mnamkumbuka Mama Solange wa Bukavu, aliyekuwa akiongoza soprano kanisani kwetu kabla hajahamia mjini. Siku hizi anashona Area 36, chumba kimoja nyuma ya duka. Alinipokea kwa kelele.

"Eh, Mama Neema! Umekuya na viazi vyote hivi, unadhani huku hatukule?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona uso wangu, akaacha. "Pardon, dada. Ngoja tuite propriétaire. Yeye alikuwa militaire, ni mutu muzuri."

Mwenye nyumba wake ni Bambo Mwale, mzee mrefu mwenye masharubu meupe, aliyestaafu jeshini. Alileta kiti chake mwenyewe, akala viazi vyetu, akasikiliza bila kunikatiza: Mahenge, kuhara damu, Wabelgiji, ghala la pamba. Nilipotaja jina, akaacha kutafuna.

"Mama, chiwaya ni kikaango. Zamani kilikuwa cha udongo, wanawake walikaangia mahindi. Mahindi yakipasuka yanalia pa-pa-pa-pa. Basi askari wetu waliposikia bunduki ya rashasha, wakaiita chiwaya. Babu yako alikuwa mtu wa bunduki hiyo. Aliibeba au aliipiga. Lile ni jina la kazi. Ukifika kijijini ukaulizia nyumba ya Chiwaya, ni kama mtu afike kwenu akaulizia nyumba ya Cherehani."

Maisha yangu yote nimejibu kwa jina la bunduki. Kwa hiyo hata lile jina moja tulilokuwa nalo halikuwa jina. Nitarudi vipi kumwambia Baba hivyo?

Mama Solange hapendi kimya cha huzuni. "Mzee yule, alikuwa mutu wa namna gani?" akaniuliza. "Alikuwa mukali?"

"Hapana. Mpole. Ugomvi wake mmoja tu, na nyanya yangu, juu ya mwanamke mwingine. Alipokuwa na homa alikuwa anasema, 'Nirudishe Natenje, nirudishe kwa Natenje.' Nyanya alimchukia yule Natenje mpaka kaburini. Baba anasema hata siku ya kuzika alisema, 'Haya, sasa enda kwa Natenje wako.'"

Bambo Mwale aliweka sahani chini. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani amepaliwa. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Pole sana kwa nyanya yako. Nathenje si mwanamke, mama. Ni mji mdogo, na ni mto. Uko hapa kusini, barabara ya kwenda Dedza. Kesho asubuhi ukipanda gari, hujamaliza maongezi na jirani yako umefika."

Nilisimama bila kujua kwa nini nasimama. Mama Solange alipiga makofi, akapiga na vigelegele, mpaka majirani wakachungulia kuuliza nani amezaa.

Nathenje

Asubuhi Bambo Mwale alinipa shauri moja: nisiulize jina. Niulize ni nyumba gani ilimtoa kijana kwenda vita ya Wajerumani, naye hakurudi, wala habari ya kifo chake haikurudi.

Shauri lilikuwa zuri lakini lilinizungusha. Nathenje siku ile ilikuwa ya soko, mahindi na karanga zimetandazwa mpaka ukingoni mwa lami. Mwuza mbegu mmoja alinipeleka kwa mzee ambaye, baada ya mazungumzo marefu, ikaonekana mjomba wake alikwenda vita ya pili, na alirudi salama na redio. Mwingine alinidhania mtu wa shirika, akaanza kunieleza shida za kisima. Mama wa tatu, aliyekuwa akiuza thobwa, kile kinywaji kizito cha mahindi, alinipa kikombe, akafikiri.

"Kuna nyumba ng'ambo ya mto. Bibi yao alikataa kumlilia kaka yake. Watu walimsema sana. Muulize Agogo Enelesi." Agogo kwao ni bibi.

Nikakodi kabaza. Baiskeli yenyewe ilikatika mnyororo kabla ya mto, mwendeshaji akaomba radhi kana kwamba ameniua, na mwisho tukatembea wote wawili, yeye akisukuma baiskeli na mimi nimebeba kiti chake kilichong'oka. Mto ulikuwa na maji ya magotini. Nikavua viatu, nikavuka.

Ng'ambo ya mto

Hapa mgeni haingii nyumba ya mtu kabla ya kuonana na mfumu, mkuu wa kijiji. Nilimkuta chini ya paa la ghala lake la mahindi, mtu wa makamo, mwenye koti. Nikapiga magoti, nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyofunga.

"Unatoka kambini Dzaleka."

"Ndiyo, mfumu."

"Mama, sema ukweli. Unatafuta shamba."

"Sitafuti shamba. Baba yangu ni mzee. Anataka kujua yeye ni wa nani."

Akatikisa kichwa, si kwa ubaya. "Nitakujibu ili usisumbuke. Hata kama askari huyo alitoka hapa, kwetu mtoto ni wa upande wa mama yake. Ukoo hupita kwa wanawake. Watoto wa mwanamume ni wa kwa mke wake. Baba yako ni wa watu wa Uvira."

Jamani, nishike lipi? Uvira walituambia mtoto ni wa baba, twende kwa askari wetu. Sasa nimefika kwa askari, naambiwa mtoto ni wa mama, nirudi Uvira. Nilibaki pale nimepiga magoti, na viatu mkononi.

Mwanamke mzee alikuwa akipukuchua mahindi hatua chache kutoka pale. Sikuwa nimemwangalia. Alisema bila kusimamisha mikono:

"Mpe kwanza maji, mfumu. Na wewe, unaitwa nani?"

"Mama Neema."

"Hilo ni la mtoto wako. Wewe, wazazi wako walikuita nani?"

"Mwandida."

Mikono ikasimama. "Nani alikupa jina hilo?"

"Nilipewa la shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba. Yeye alipewa na Babu, yule askari. Kule kwetu hakuna aliyejua maana yake. Alipenda tu."

Mzee yule alikuja mpaka mbele yangu, akajishusha taratibu, tukawa tumepigiana magoti. Alikuwa Agogo Enelesi mwenyewe.

"Mwandida alikuwa mama yangu," akasema. "Alikuwa dada wa mwisho wa askari huyo. Alikuwa hajang'oa hata meno ya utoto siku walipokuja kuchukua vijana. Kaka yake alikuwa analima. Alimpa jembe, akamwambia alipeleke nyumbani. Mama akalitupa, akamfuata. Alimfuata mpaka mtoni hapo ulipovuka. Kaka akageuka akaanza kumtupia mabonge ya udongo ili arudi. Moja lilimpiga hapa." Akagusa shavu. "Mpaka amezeeka alikuwa anasema: alinipiga, lazima arudi aniombe msamaha. Ndiyo maana alikataa matanga. Walipomwambia amekufa, alisema, 'Hajaniomba msamaha, hajafa.'"

"Jina lake?" nikauliza. "Jina lake la kweli?"

"Lapukeni. Lapukeni wa ukoo wa Mbewe."

Nililirudia. Nikalirudia tena, kama mtu anayejifunza namba ya simu. Mfumu alivua kofia yake.

Kisha Agogo Enelesi akajifuta macho, akanikazia uso wa hasira kabisa. "Sasa niambie, mume wangu yuko wapi? Mbona amekutuma wewe? Ananikimbia?"

"Mume gani, Agogo?"

"Baba yako! Mwanamume asiye na aibu. Tangu ujana namngoja, amekwenda kuoa Kongo!"

Nikaogopa. Nikaanza kueleza kuwa Mama amefariki, kwamba Baba hakujua ana mchumba huku, kwamba tunaomba radhi. Mfumu alikuwa ameziba mdomo kwa kofia. Mwishowe akanihurumia.

"Mama, usiogope. Mtoto wa kaka na mtoto wa dada ni wasuweni, yaani binamu. Kwetu hao wanaruhusiwa kuoana, kwa hiyo wanataniana na kutukanana wapendavyo. Anamtukana kwa sababu ni haki yake. Mimi nilikuambia baba yako si wa ukoo huu, na bado si wa ukoo huu. Lakini hatukanwi hivyo mtu wa mbali."

Usiku ule nililala kwa Agogo, nimeshiba nsima na majani ya maboga yaliyopikwa na unga wa karanga. Kesho yake jua lilipotoka wanawake wa nyumba zile walikuja mmoja mmoja, wakaketi uani, wakamlilia Lapukeni. Niliwaeleza alikozikwa, juu ya kilima, ziwa likionekana chini. Wakaniuliza kama kaburi lina kivuli. Nikasema ndiyo, kuna mti wa parachichi. Wakaridhika. Halafu thobwa ikaletwa, na msiba ambao mama wa nyumba ile alikuwa ameukataa maisha yake yote ukamalizika kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Kurudi Dzaleka

Njia ya kurudi sina la kusimulia. Gari halikuharibika, hakuna aliyefariki. Baba alikuwa ameketi palepale mlangoni. Nilimwambia jina kabla ya kumsalimu. Akaliweka mdomoni polepole: "Lapukeni. Lapukeni wa Mbewe." Alitaka nimweleze habari ya jembe na udongo mara nyingi, na kila mara alicheka palepale, kwenye bonge la shavuni. Baba alisema babake alikuwa na tabia moja: hakuwahi kumpiga mtoto, hata kwa fimbo ya mchezo, na hakuna aliyejua sababu.

Habari ya mashamba na ya ukoo wa mama nilimwambia pia, sikuficha. Alifikiri. "Shamba mi nitalima na mikono gani?" akasema. "Nilikuwa nataka kujua tu."

Habari ya utani nilisahau kumwambia. Hili ni kosa langu, kwa maana wiki iliyopita, kama wengine wenu mlivyoona, Agogo Enelesi alishuka kwenye gari barabarani na mfumu wake, kuku mkononi, kilemba kipya kichwani. Baba alikuwa amevaa koti. Alikataa kuletewa mgeni kitini. Alitembea mwenyewe na fimbo yake mpaka barabarani kumpokea. Agogo akasimama, akamtazama kutoka viatu mpaka kofia, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni:

"Huyu? Maisha yote nangoja mume, mnaniletea mfupa?"

Baba alinigeukia. "Anasema nini?"

Ningefanya nini? Nikatafsiri, neno kwa neno, huku nikitafuta namna ya kueleza. Baba hakuningoja. Aliegemea fimbo.

"Mwambie, kama alikuwa ananingoja mi, bajukuu bake amebatoa wapi?"

Nikatafsiri. Agogo alipiga kelele ya furaha, akamwachia mfumu kuku, akamkumbatia Baba mpaka kofia ikaanguka. Watu walikuwa wametoka nje. Jirani yetu Mama Clarisse, ambaye hapitwi na jambo, akasogea.

"Mzee Yakobo, huyu mama ni nani?"

"Ni mutu wa kwetu," Baba akajibu.

Miaka yote tuliyokaa hapa, kila alipotaja kwetu Baba alinyoosha kidole kaskazini, kule tulikotoka. Safari hii alinyoosha upande wa pili, barabara inakoshuka kwenda Lilongwe, na hakukishusha kidole mpaka Mama Clarisse alipogeuka kutazama.